Mgunga wa Nyuma ya Nyumba

Nyuma ya nyumba niliyopanga mjini Sultan Hamud kuna mgunga mmoja, umebanwa kati ya bafu na ua wa mabati. Nilikaa nao miaka mingi bila kuutazama. Mimi nauza vyombo vya plastiki, beseni na mitungi ya maji, na macho yangu huwa barabarani yakitafuta wateja. Aliyenifanya niuone ni mama yangu, ambaye kwa Kikamba namwita mwaitu.

Mwaitu alianguka kule kwetu Kyuso, akipanda ukingo wa mto mkavu kutoka kwenye kisima cha mchangani. Nyonga ikaumia. Nikamleta kwangu apone, na hapo ndipo vita vyetu vilipoanza. Alikuja na fimbo, Biblia na mfuko wa mbegu za ndengu zilizochanganywa na majivu. Nikamwuliza mbegu ni za nini mjini. Akaniangalia kana kwamba nimemwuliza kwa nini amekuja na miguu yake.

Kila asubuhi alitoa kiti nje akaichunguza mbingu, na kila asubuhi mbingu ya Sultan Hamud ilimuudhi.

"Upepo wa huku hauna adabu," alisema. "Mara unatoka huku, mara kule."

Mawingu yalipojikusanya upande wa vilima vya Chyulu nilimwonyesha kwa furaha, nikidhani nimemletea habari njema.

"Hayo yana wenyewe," akanijibu. "Yangu hayapiti hapa."

Hata hivyo aliyakodolea macho mpaka yakatawanyika. Nilimwonea huruma na papo hapo nikakasirika. Nilikuwa nampikia, namkanda nyonga, namtandikia kitanda, na bado alikaa kwangu kama mgeni anayengoja gari.

Alichotaka ni kimoja tu: awe Kyuso kabla ya mvua za Oktoba. Kwetu hatungoji ardhi ilowe. Tunapanda vumbini, jua likiwaka, mbegu inafunikwa na kuachiwa Mungu. Mvua yetu ni fupi, na anayengoja matone ndipo atafute jembe hupata mashina bila ndengu. Anayewahi mno naye huwalisha kware na panya. Kwa hiyo watu huangalia migunga. Ikitoa maua wakati kila kitu kingine kimekauka, mbegu zinatolewa ndani.

"Nyonga haijapona, mwaitu," nilimwambia.

"Kwani nyonga ndiyo inapanda? Si ni mikono?"

Tulibishana mpaka nikachoka, nikamwahidi kwamba mgunga wa nyuma ukichanua, tutafunga safari. Ulikuwa mwezi wa Agosti na mti ulikuwa miiba mitupu. Nilijiona mjanja sana siku hiyo.

Septemba haikuwa imefika mbali niliposikia nyuki nikianika nguo. Niliinua uso. Mgunga ulikuwa umejaa maua meupe, na harufu yake tamu ilikuwa imeshinda ile ya dizeli ya malori. Miti ya ng'ambo ya reli ilikuwa bado imekauka vilevile. Nikamwita. Alikuja polepole na fimbo yake, akautazama mti kwa muda.

"Haya," akasema. "Wewe mwenyewe ndiye ulisema."

Nilifunga duka. Tulipopita Mwingi nilianza kuangalia migunga ya kando ya barabara. Hakuna hata mmoja uliokuwa na ua.

"Mwaitu, mbona ya huku haijachanua?"

"Labda yenu ya mjini imesoma," akasema, akageukia dirisha.

Tulifika shambani jua likiwa kali. Aliinama kwa shida, akashika konzi ya mchanga, akainusa, na uso wake ukalegea. Sikuwa nimeuona uso huo kwa miezi yote aliyokaa kwangu, na iliniuma. Jirani alikuja na ng'ombe wake na plau. Mwaitu alidondosha mbegu za mstari wa kwanza kwa mkono wake, mimi nimemshika kiuno asianguke. Mvua ilichelewa, kware wakala sehemu yao, lakini ikaja. Hayo yalikuwa baadaye; tulipomaliza kupanda tu, yeye alikataa katakata kurudi nami.

Nilirudi peke yangu. Kesho yake nilikwenda kuanua nguo nilizosahau, nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona. Chini ya mgunga udongo ulikuwa mweusi, na juu yake povu la sabuni lililokauka. Nyuma ya bafu lilikuwa limefichwa beseni la dukani kwangu. Kutoka mlango wa bafu kulikuwa na vishimo vya fimbo ardhini, vikienda, vikiuzunguka mti, vikirudi. Mama yule aliyetulea tukinawa uso kwa kikombe kimoja cha maji, na maji hayohayo tukawapa kuku! Alikuwa akibeba maji yake ya kuoga, na nyonga ile, mpaka mti ukadhani mvua inakuja. Nilicheka peke yangu pale nyuma. Kisha nikakaa kwenye kiti chake nikalia.

Siku hizi naenda kwetu wakati wa kupanda tu. Duka haliniachi, na mgunga ukichanua ndipo nafunga. Mwaka huu nyumbani kumeniita mapema. Namtamani mwaitu, natamani vumbi lile, natamani hata kelele za mto unapokuja na maji yake mekundu. Ni Julai tu. Jioni, nikimaliza kuosha vyombo, maji siyamwagi tena mtaroni.

Jana mwaitu alinipigia simu.

"Ule mti wako umefika wapi?"

"Bado ni miiba tu, mwaitu."

Nilisikia kuku wake nyuma ya sauti yake.

"Usiyamwage hapo kwenye shina," akasema. "Mwaga mbali kidogo. Mizizi inayokunywa iko mbali."