Habari Niliyoisoma Nusu

Siku mume wangu alipofariki, nilisoma mtandaoni kwamba ukumbi mzima umesimama kumpigia makofi.

Sitanii. Wakati nasoma, yeye alikuwa sakafuni, peke yake, mlango umefungwa kwa ndani.

Ngoja nianze mwanzo.

Mume wangu walimwita Plagini. Alikuwa kwenye jumuiya ya watu wanaotumia programu huria ya kutengenezea tovuti, ile ya bure ambayo kila mtu anaruhusiwa kuirekebisha. Tovuti yako ikikosa kitu, yeye hakosi cha kuchomeka ikafanya kazi, ndiyo maana ya jina. Yote ya kujitolea, hawapewi hata soda. Mimi hiyo programu nilikuwa naiita mke mwenzangu.

Jumamosi hiyo walikuwa na mkutano wao mkubwa wa mwaka, na kwa mara ya kwanza Plagini alipewa nafasi ya kuzungumza jukwaani. Wiki nzima alinibembeleza niende.

"Jumamosi ndiyo siku ya vichwa, baba," nikamwambia. "Nikifunga saluni, wateja wanahamia kwa jirani."

Hakubisha. Asubuhi aliondoka akijisugua kifua, akasema ni woga tu wa jukwaa. Angepitia ofisini kwake kuchukua projekta, ajifungie kidogo afanye mazoezi ya hotuba.

Moyo haukunitulia. Nikapiga simu, ikaita hadi ikakata. Nikapiga tena, vilevile. Mchana uvumilivu ukanishinda. Nikamwomba radhi mteja niliyekuwa nimemsuka nusu kichwa, nikamwambia nakimbia mara moja ofisini kwa mume wangu.

Mkoba ulikuwa tayari begani. Ndipo nikafungua tovuti ya jumuiya yao, nichungulie tu.

"Plagini atikisa ukumbi." Ndicho kichwa cha habari. Chini yake wameandika kwamba amezungumza vizuri mno, watu wamesimama, makofi.

Nikacheka mwenyewe. Kumbe mtu yuko na makofi yake, mimi huku roho juu! Nikarudisha mkoba msumarini, nikamaliza kichwa.

Jioni akapiga mwenyekiti wao.

"Shemeji, Plagini kulikoni? Tumemsubiri mpaka nafasi yake tukampa mwingine."

"Si amezungumza? Nimesoma."

"Hapa hajafika kabisa, shemeji." Nikakimbia ofisini kwake.

Mlango wa ofisi ulivunjwa. Alikuwa chini, projekta kando yake. Nilimuuliza daktari ingekuwaje kama angewahiwa.

"Alihangaika muda mrefu, mama. Angeletwa mchana, pengine."

Hilo "pengine" nalala nalo na kuamka nalo.

Baada ya mazishi nikamvaa mwenyekiti. Nilitaka jina la aliyeandika ule uongo, nimrarue. Akanieleza taratibu, macho chini. Siku ya tukio kila mtu ana shughuli zake, hakuna wa kukaa aandike. Kwa hiyo habari huandikwa mapema, ikawekewa saa ya kutoka, ikajitoa yenyewe, kisha ikarekebishwa baadaye. Katika kumtafuta msemaji mwingine, walisahau kuizuia.

"Aliandika nani?"

"Mwenyewe, shemeji. Habari zetu zote alikuwa anaandika yeye."

Hasira ikakosa pa kutua.

Nikaifungua tena ile habari. Safari hii nikashuka mpaka chini, nilikokuwa sijafika. Aya ya mwisho ilisema:

"Mkewe, aliyefunga saluni ili awepo, alikaa mstari wa mbele. Ndiye aliyeanza kupiga makofi."

Nililia nikaishiwa sauti.

Siku ile ningesoma kidogo tu zaidi, ningejikuta nimekaa ukumbini ilhali nimesimama saluni. Ningejua si kweli. Ningekimbia.

Jumuiya wameniuliza kama waifute. Nimekataa. Humo ndimo pekee nilimokwenda kumsikiliza.

Ndugu zangu, habari ya mtu wako isome mpaka mwisho. Na akikuomba ukakae mstari wa mbele, funga duka uende. Nywele za watu zitaota tena.