Mabuti ya Bernadine

Tangu Pasaka ile mwanawe Jerom alipoangushwa na farasi akavunjika mfupa wa bega, Bernadine Kasimero hakuwa na wimbo mwingine: watoto wawe na rodeo yao, mashindano yao wenyewe ya kupanda farasi. Vijana wa savana ya Rupununi walikuwa wakijipenyeza katikati ya wachunga ng'ombe wazima na kupanda farasi wakali ambao hata baba zao waliwaogopa. Kuwakataza kulishindikana. Basi wapewe farasi wadogo, uwanja wao, na mtu wa kuwaangalia.

Alizunguka vijiji vya savana kwa pikipiki ya shemeji yake, akila farini, chenga za muhogo uliokaangwa, na nyama kavu kila alipokaribishwa, akiomba watoto wa kushindana.

"Mama Jerom," walimtania, "ukimaliza kuwalea farasi utatulea na sisi?"

Alicheka nao, kisha akauliza tena: "Kijiji chako kinaleta wangapi?"

Wafadhili wa pwani wakampa helmeti na mabuti ya kuwatosha wote. Usiku ule alilala fofofo, jambo ambalo alikuwa amelisahau. Akatangaza sharti: bila helmeti na mabuti, hakuna kupanda.

Siku ya mashindano ya mkoa, watu walijaa juu ya uzio kama kasuku. Wa kwanza alikuwa Delphine, msichana wa kabila la Wamakushi. Alitoka langoni vizuri, farasi akaruka mara mbili, naye akateleza. Kuanguka si ajabu. Lakini buti lake lilinasa kwenye kikuku cha tandiko, ile pete ya kutilia mguu, na farasi akamburura uwanjani. Wachunga wawili wakamkimbilia, wakamnasua. Aliinuka mzima, vumbi mwili mzima, akilia kwa hasira.

"Sikisikii kikuku, shangazi! Umenifunga miguu!"

Bernadine akainama, akalitazama buti lile. Maisha yake yote alikuwa amewaona wanaume wakipanda pekupeku, kidole gumba cha mguu kimeng'ang'ania kikuku. Mtu akianguka, kidole kinaachia. Baba yake alipanda hivyo hadi uzeeni. Na yeye, kwa hofu yake, alikuwa amevitia vidole hivyo gerezani.

"Nimekosea," alisema kwa sauti. "Vueni mabuti."

Uzio mzima ulishangilia. Mzee Eustace, mkuu wa kijiji na mwenye farasi wote wa siku ile, akasogea langoni akitabasamu.

"Sasa umerudi kwetu, binti yangu. Na hayo masufuria kichwani je?"

"Masufuria yanabaki, mzee."

"Mjukuu wangu havai."

"Basi mjukuu wako hapandi."

Tabasamu la mzee likapotea. "Farasi ni wangu, Bernadine. Nikiwaondoa, watoto watapanda nini? Mbuzi?"

Vijiji vyote alivyovibembeleza vilikuwa vinamtazama. Akaegemeza mgongo kwenye lango.

"Waondoe. Nitawarudisha watoto kwa mama zao, nianze upya mwakani. Kwenye miguu nilikosea, nimekiri. Kwenye kichwa sikosei. Kichwa hakina kidole cha kushikia."

Mtu mmoja akaangua kicheko. Kisha ikasikika sauti ya mke wa mzee kutoka kivulini: "Eustace! Acha ukaidi, tunaungua na jua hapa!"

Mzee akageuka kumtafuta mjukuu wake, Valmiro. Akamkuta pekupeku, helmeti imeshakaa kichwani, anahangaika na mkanda wa kidevuni.

"Hata wewe?"

"Babu, mimi nataka kupanda tu."

Mzee akatema mate pembeni. "Mfunge vizuri, basi," alimwambia Bernadine. "Kama umeamua kuwa mama wa kila mtu, fanya kazi."

Bernadine akaufunga mkanda, akauvuta mara mbili kuhakikisha, kisha akalifungua lango kwa mkono wake mwenyewe. Farasi akaruka. Bernadine hakufumba macho. Aliviangalia vidole vya Valmiro viking'ang'ania, viking'ang'ania, halafu vikaachia, na mtoto akatua kwa makalio mchangani.

Akangoja hadi alipomwona amesimama.

"Anayefuata!" akaita.