Ninawi Walitumiwa Yona

Bernadina wa Mogitu alisoma kwa kidole, neno kwa neno, na ole wake atakayemsaidia. Siku ya sala ya jumuiya alifika mbio, Biblia kwapani, kwa kuwa alikuwa amemaliza habari za Yona na moyo ulikataa kutulia.

Mdogo wake Marieta alikuwa amekaa peke yake mlangoni mwa nyumba ya sala, na kibuyu chake cha togwa kando. Tangu tope la mlima limchukulie nyumba na mume kule Jorodom, watu walikuwa wakimtenga, kwa desturi ya zamani ya mtu aliyeguswa na balaa. Hakuna aliyekubali kunywa kwenye kibuyu chake. Alikuwa amemwapia dada yake kwamba leo wakimtenga tena, harudi kwenye jumuiya.

"Lile tope lilikuwa hukumu," alisema Alfredi, mwenyekiti wa jumuiya. "Manabii walisema."

"Nabii gani?" Bernadina alisimama. "Ninawi walitumiwa Yona, tena mbishi kuliko mimi. Wakaonywa, wakatubu, wakaachwa. Mungu akitaka kuhukumu anaonya kwanza, maana anatamani kusamehe. Jorodom alitumwa nani? Wewe?"

"Shangazi, mimi sikutumwa."

"Basi usijitume leo."

Watu wakacheka. Bernadina alichukua kibuyu cha Marieta, akanywa togwa mpaka ikamchuruzika kidevuni, akampa Alfredi. Alfredi alikitazama sana.

"Kunywa, mwanangu. Umeshaonywa."

Akanywa. Kibuyu kikazunguka nyumba nzima, na kiliporudi kwa Marieta kilikuwa kitupu.

"Mmenimalizia," alisema Marieta huku akicheka. "Wiki ijayo nitaleta kikubwa."