Tuta Langu Katikati ya Mstari

Sisi tuliokulia vijiji vya upande wa Kolandoto, mtama ukiwa bado ndio chakula cha kila nyumba, tunaijua harufu ya udongo wa mbugani mvua ya kwanza ikishapita. Tulicheza kwenye matope yake mpaka tusijuane sura, kisha tukakimbilia nyumbani kula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa juani, vikichemshwa mpaka vinukie kama asali.

Shule nilisoma miaka miwili tu. Mama alipofariki, baada ya baba, nilibaki mkubwa wa wadogo watatu: pacha Kulwa na Doto, na Shija, kitinda mimba. Baba mdogo akaja akaniambia, "Milembe, mvua hizi zikiisha shamba likiwa pori, nawagawa. Kila mtoto kwa ndugu yake." Hakusema kwa ubaya, aliogopa tutakufa njaa.

Kijijini tulikuwa na elika, kundi la vijana waliolima kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, ngoma ikiwaongoza. Ukitaka walime kwako, sharti nawe ulime kwao. Nikaenda na jembe la mama. Wakacheka!

"Tazameni, jembe limekuja na mtoto!"

"Ukisinzia tutakufukia na mbegu, shauri yako!"

Kiongozi wao, Masanja, alinipanga katikati ya mstari, kati yake na binti aliyeitwa Nkamba, mwenye mikono ya mfua chuma. Siku nzima nilijiona hodari, maana sikuachwa nyuma hata hatua moja. Tulipomaliza nikageuka kutazama. Tuta langu lilikuwa jembamba kuliko yote. Wale wawili walikuwa wakilimega, huyu huku na huyu kule.

Siku ya sita ikawa zamu yetu. Mwenye shamba ndiye anayelisha wakulima, basi nikapika michembe yote iliyobaki nyumbani, Shija akapita akiigawa. Nkamba akatafuna, akasema, "Wee Milembe, kwa mapishi haya tutakuja kupalilia hata usipotuita!" Na kweli walikuja.

Baba mdogo alifika kutuchukua mtama ukiwa umefika magotini. Alilizunguka shamba mara mbili. Kisha akatundika shuka lake mtini, akaomba jembe.

"Palizi ya pili ni yangu," akasema. "Kaeni hapa hapa."

Siku hizi wajukuu wanalima kwa trekta na wanavuna kutuzidi. Nafurahi, nala wali hata pasipo sikukuu. Ila mpe mmoja jembe la mkono asubuhi moja tu, mgongo utamuuma mpaka wiki ya pili, au atatorokea Geita kuchimba dhahabu. Na shamba la yatima likiota nyasi, watu wanapita kando yake wakisema, masikini. Enzi zetu mstari mzima ungegeuka kulifuata.

Mimi sina deni na maisha. Mpaka leo nikipaza sauti uani, Doto anaitika kutoka ng'ambo ya shamba.