Gobore la Bibi

Jumamosi ndiyo siku yangu pekee ya kupumzika. Nimeketi jikoni hapa Edmonton, Kanada, chai haijapoa, simu ikaita: mdogo wangu, kwa video, kutoka nyumbani kijijini. Ananionyesha gobore la marehemu bibi, mtutu umeshika kutu hadi mdomoni. "Lina kutu kidogo, dada," anasema. Kidogo! Na ameshalimiminia mafuta ya alizeti, yale ya kukaangia maandazi. Anauliza kama litapona, maana fundi wa kuchomelea kamwambia bora alikate apate bomba. Nami kitu cha bibi kilichobaki duniani ni hicho tu.

Wewe hukumjua bibi yangu, kwa hiyo ngoja nikwambie. Gobore aliachiwa na babu, akalitumia kufukuza nguruwe pori kwenye mahindi, na kila lilipolia aliyeitwa kulisafisha ni mimi. Si wajomba, wala si huyu mdogo wangu ambaye kazi yake ilikuwa kuziba masikio. Mimi, hata kama nimeshavaa sare ya shule. Baruti ikiungua huacha masizi yenye chumvichumvi, na masizi hayo hula chuma, kwa hiyo habari ya kusubiri kesho haikuwepo. "Bunduki si paka," bibi alikuwa akisema, "haitajilamba yenyewe."

Tulianza na maji yaliyochemka. Unayamimina mdomoni mwa mtutu, unasukuma kitambaa kwa ufito, juu chini, juu chini, na maji yanachuruzika kule chini kwenye kitundu cha kuwashia yakiwa meusi, yananuka yai viza. Mikono yangu ilinuka hivyo hadi darasani. Mwalimu akanihamishia dirishani. Maji yakianza kutoka meupe nadhani nimemaliza, bibi anasema bado. Kuna unyoya wa kuku wa kuzibulia kitundu. Kuna kuukausha mtutu karibu na moto, kisha kuupaka mafuta ya mkia wa kondoo ungali na joto. Mwisho mimi napuliza mdomoni, naye kaweka shavu kule kwenye kitundu. Akiisikia pumzi yangu anasema, "Haya, nenda ukale." Asipoisikia, tunaanza upya. Kazi ile niliichukia, sikufichi.

Basi leo nikamsimamia mdogo wangu kwa simu, sauti juu, mpaka jirani akagonga ukuta. Chemsha maji. Nimesema yachemke. Kitambaa, si gazeti, we mtu vipi? Mwanangu akapita, akatazama, akaniambia kwa Kiingereza chake kwamba mambo hayo yote yapo kwenye video mtandaoni, mbona nagomba. Nikamwambia apite zake. Saa nzima tulihangaika. Maji yalitoka rangi ya matofali, kisha hayakutoka kabisa. Nikamwambia mdogo wangu apulize, mkewe aweke shavu. Akapuliza mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Mkewe akatikisa kichwa. Gobore limekufa.

"Mlilipiga lini mara ya mwisho?" nikauliza, ingawa nilishajua.

"Siku tuliyomzika bibi, dada." Kwetu mwenye gobore hazikwi bila gobore lake kulia.

"Na nani alilisafisha?"

Akaweka ufito chini. Nilikuwa na maneno tele, we acha tu. Msiba mzima, watu wazima wamejaa uani, masufuria ya maji ya moto yako mekoni, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka. Yule mdogo wangu akasema taratibu, bila ubaya wowote, "Sisi tulijua hiyo ni kazi yako."

Ruhusa ya kazini ya kwenda kuzika sikuipata, mlio wa gobore niliusikia kwenye simu niliyoibana begani. Mikono yote miwili ilikuwa na povu. Nilikuwa hapahapa Edmonton, namwogesha bibi wa watu.