Mwoka Mikate Katika Behewa la Nyuma

Mume wangu ni mwoka mikate, na mtu aliyezeekea mbele ya tanuri usimwulize habari za joto. Nyumbani sisi tukijipepea kwa mifuniko ya sufuria, yeye anaomba chai, tena iwe ya moto. Vinyweleo vya mikono yake viliungua zamani vikakata tamaa ya kuota. Mtaani wanamwita Baba Mikate, na jina hilo analipenda kuliko alilopewa na mama yake.

Safari ya nje ilikuwa ndoto yake. Hakutaka hoteli wala mtu wa kutuongoza. Alitaka treni, mabegi ya mgongoni, na sisi watatu: yeye, mimi, na binti yetu wa pekee, ambaye kwa kuongea kwake tulimbandika jina la Redio. Mimi nafanya kazi mapokezi ya hoteli, Kiingereza cha wageni ninacho, basi nikawa mdomo wa familia.

Siku hiyo jua lilikuwa kali tangu asubuhi. Tulipanda behewa la mwisho, lenye madirisha yasiyofunguka, na kiyoyozi chake kilikuwa kimekata roho. Abiria wakaanza kuinuka mmoja mmoja kwenda mabehewa ya mbele. Kondakta akaja, kola imelowa jasho, akasema mbele kuna ubaridi, ila huenda tukasimama.

Nikamtafsiria mume wangu.

"Tusimame njia nzima na mizigo hii?" akasema. "Hapa tuna viti na meza. Joto gani hili, mke wangu? Joto hili hata unga hauumuki."

Nikacheka. Ndiyo, nilicheka, Mungu anisamehe, na nikakaa.

Redio hakukaa kimya. Baba, joto. Baba, kiti kinaniunguza. Baba, kichwa kinaniuma. Baba, mbona wenzetu wamehama? Baba mtu alikuwa ameganda dirishani anatazama mashamba ya watu, safari aliyoiota miaka yote, na kelele zile zikamchosha.

"Redio, hebu zima kidogo," akasema. "Mtoto wa mwoka mikate analia joto? Utaniaibisha."

Alisema kwa utani, lakini mtoto yule anampenda baba yake kupita kiasi. Akazima. Akaegemeza paji la uso kwenye kioo, na sisi, haki ya Mungu, tukastarehe. Tulikula biskuti. Mume wangu akanikonyeza, "Umeona? Amelala."

Muda ulipita. Jua likahamia upande wa Redio, nikanyoosha mkono nimsogeze. Ngozi yake ilikuwa ya moto, na kavu. Sisi tulikuwa tunachuruzika jasho, yeye hana hata tone. Nikamwita, hakuitika. Macho yalikuwa nusu wazi.

Mume wangu alimnyakua, akakimbia naye behewa hadi behewa, akipiga watu vikumbo, akiwaomba radhi kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua. Mbele tulikuta ubaridi. Tulikuta na viti vitupu, vitatu, vya pamoja. Aliviona. Nilimwona akiviona. Wanawake wakaleta vitambaa vya maji, mmoja akaleta barafu, na kondakta akapiga simu ili gari la wagonjwa litusubiri kituo kinachofuata.

Hospitalini walimtundikia dripu kwenye chumba kidogo chenye feni. Taratibu akafumbua macho. Daktari, mama wa makamo, akaniambia nimwulize mtoto alianza lini kujisikia vibaya. Akasisitiza: kama ni muda mrefu, lazima wampime figo na kumlaza. Kama ni muda mfupi, akipoa ataenda zake.

Nikamwuliza. Redio alimtazama kwanza baba yake, aliyekuwa amesimama mlangoni, mikono inaning'inia kama si yake.

"Sasa hivi tu," akasema. "Nilikuwa mzima, halafu nikalala."

Nikafungua mdomo nitafsiri. Sitasema uongo, nilitaka kuyapeleka maneno yale vilevile yalivyo, maana yalitusitiri wote wawili. Mume wangu akanishika mkono.

"Usimpe daktari hilo," akasema. "Mwambie alianza tangu kondakta alipokuja. Mwambie mtoto alisema, na baba yake akamnyamazisha."

Nikamwambia, nikaongeza kwamba na mama yake alikuwepo. Daktari hakutulaumu. Aliandika, akaagiza vipimo, akasema mtoto atalala pale. Heri angetufokea.

"Baba, kwa nini umesema?" Redio akanong'ona. "Watakuona mbaya."

"Waache wanione, mama."

Akavuta kiti mpaka kitandani, akaketi, machozi yanamtoka bila kuyafuta. Akamwuliza kama kichwa bado kinamuuma. Redio akamwangalia yale machozi, akasema hapana, hakimuumi hata kidogo. Mume wangu akanigeukia aone kama mimi nimeamini, nikatikisa kichwa.