Saketi ya Uwanjani

Madam Hilda Ngonyani alifundisha saketi za kidijitali katika chuo cha uhandisi upande wa Mshangano, na miaka yote wanafunzi wake walikariri majedwali ya sifuri na moja kama rozari. Kwenye mtihani waliyajaza bila kosa. Ukiwauliza pampu itajuaje kwamba tangi limejaa, wanatazama viatu.

Muhula huu aliuacha ubao, akawatoa uwanjani. Kila mmoja akawa kipande cha saketi. Remmy alikuwa kisima: akinyoosha mkono, maji yapo. Dorine alikuwa tangi: akinyoosha, limejaa. Asma, binti wa Tunduru, alikuwa geti la "si", kazi yake kufanya kinyume cha Dorine. Alisema hata nyumbani wanamjua hivyo. Thadei alikuwa geti la "na": anyooshe pale tu Asma na Remmy wamenyoosha wote wawili. Saimon, pampu, alimfuata Thadei.

Ndipo akatokea mkuu wa idara, Dakta Egidi.

"Shikamoo, daktari," alisema Hilda.

"Marahaba. Haya ni mazoezi ya viungo?"

"Ni saketi."

"Na yule aliyekunja mikono?"

"Kisima, daktari. Kimekauka."

Daktari alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa habari ya msiba. Wakati huohuo Saimon akanyoosha mkono.

"Pampu imewaka bila maji!" alipiga kelele Dorine. "Imeungua!"

Hilda alitamani kusema kosa liko wapi. Aliwaachia walitafute wenyewe. Wanafunzi wakaanza kulifuatilia kosa kutoka kwa pampu kurudi nyuma, mtu kwa mtu, mpaka wakamfikia Thadei.

"Mimi nimenyoosha, Remmy hajanyoosha," alisema Asma. "Wewe umenyoosha kwa nini?"

"Nilikuonea huruma, uko peke yako."

"Geti halina huruma," alisema Dakta Egidi, kisha akaonekana kushangaa kwamba amechangia. Akamgeukia Hilda. "Endeleeni. Ila kesho mfanyie ndani. Wapita njia watadhani tunaombea mvua."

Wiki iliyofuata kila mmoja aliijenga saketi ileile maabara, kwa nyaya na taa. Ya Asma iligoma. Hilda alisogea kumsaidia.

"Subiri kwanza, madam," alisema Asma bila kuinua macho, akaendelea kufuata waya mmoja baada ya mwingine.

Hilda akaenda kusimama dirishani. Ndicho alichokuwa akikitaka muda wote, na kilimuuma kidogo.